Dondoo za mimea kwa sonona nyepesi: mwongozo kamili kwa mkazi wa Uganda

Dondoo ya mmea, yaani kiini kilichotolewa kwenye mmea kwa kuuyeyusha na kuukoleza, ni dawa. Ina kipimo chake, ina muda wake wa kufanya kazi, na inaweza kugombana na dawa nyingine zilizo mwilini. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni mmea gani unaosaidia sonona, uliza kwanza mtu huyu anatumia nini tayari: ARV, kipandikizi cha uzazi wa mpango, dawa ya malaria, dawa ya kifua kikuu. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Mwongozo huu unahusu sonona nyepesi kwa mtu mzima asiye mjamzito na asiyenyonyesha. Dondoo inatumika pamoja na mazungumzo ya tiba, usingizi mzuri na ufuatiliaji wa mhudumu wa afya. Haichukui nafasi yao.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sonona, na ni nyepesi kweli

Chukua daftari ujibu maswali tisa ya kipimo cha PHQ-9, kipimo kilekile kinachotumika hospitalini. Katika wiki 2 zilizopita, umesumbuliwa mara ngapi na haya: kukosa hamu au furaha ya kufanya mambo, huzuni au kukata tamaa, usingizi kupotea au kuzidi, uchovu, hamu ya kula kupungua au kuzidi, kujiona hufai au umeiangusha familia, kushindwa kutuliza akili hata kusikiliza taarifa ya habari, kuzubaa au kuhangaika kiasi cha watu wengine kuona, na mawazo kwamba afadhali ungekufa au ungejidhuru. Kila swali lina alama: 0 kama halikutokea, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 karibu kila siku. Jumlisha.

Alama 5 hadi 9 ni sonona nyepesi, na mwongozo huu ni wako. Alama 10 hadi 14 ni ya wastani: dondoo isianze kabla hujaonana na mhudumu wa afya. Ukifika 15 au zaidi, unahitaji tiba kamili ya hospitali.

Swali la tisa linasimama peke yake. Likipata alama yoyote juu ya 0, hata kama jumla ni ndogo, nenda leo kituo cha afya ukiwa na mtu unayemwamini. Nyumbani, ndugu wafungie dawa za shambani na vidonge vyote, funguo akae nazo mtu mwingine. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika jijini Kampala hupokea walio katika hali ya hatari.

Kisha ondoa magonjwa yanayojifanya sonona. Upungufu wa damu huleta uchovu na kukosa hamu. Tezi ya shingo inayofanya kazi polepole humfanya mtu awe mzito wa mwili na wa mawazo. Pombe ya kila jioni hushusha moyo hata kama usiku inaonekana kuuinua. Mtu aliyewahi kutumia ARV zenye efavirenzi anajua ndoto mbaya na huzuni ambazo dawa hiyo inaweza kuleta. Kama bado anaitumia, tatizo linaweza kuwa dawa yenyewe, na suluhisho liko kliniki. Pima damu, pima malaria, pima VVU kama hujui hali yako. Vipimo hivi vinapatikana kwenye vituo vingi vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne, isipokuwa tezi, ambayo kwa kawaida hupelekwa hospitali kubwa.

Kuna swali moja ambalo wauzaji wa mitishamba huliruka: je, umewahi kupitia siku kadhaa mfululizo ukilala kidogo sana bila kuchoka, ukiongea bila kituo, mipango mikubwa kichwani, fedha zikitumika ovyo? Kama jibu ni ndiyo, huenda hii si sonona ya kawaida, bali ni upande mmoja wa ugonjwa wa hisia mbili. Dondoo inayoinua moyo inaweza kumrusha mtu huyo upande wa pili. Aende kwa daktari wa akili, asijaribu nyumbani.

Hatua ya 2: Hesabu kila dawa iliyo mwilini

Weka mezani kila unachomeza, unachochomwa na kilichopandikizwa. Kipandikizi cha mkononi husahaulika kwa sababu hakimezwi. Andika majina yote kwenye karatasi moja, pamoja na mitishamba.

Sababu ya usumbufu huu ni mmea mmoja hasa, hiperikamu, ambao kwenye lebo huandikwa *Hypericum perforatum*. Ndio mmea wenye ushahidi mkubwa kuliko yote kwa sonona. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, na dondoo zake zilishinda vidonge visivyo na dawa, zikalingana na dawa za kawaida za sonona, tena kwa madhara machache zaidi. Ni matokeo mazuri, na hatuyapuuzi.

Ila ndani yake mna haiperforini, ambayo huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja dawa, hasa kile kiitwacho CYP3A4. Ini likishaamka hivyo, dawa nyingine huvunjwa na kutolewa kabla hazijamaliza kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba hiperikamu ilipunguza kiasi cha indinaviri, dawa ya VVU ya wakati ule, kwa asilimia 57 hivi kwenye damu. Hali hii haiishi siku unapoacha kumeza. Huchukua takribani wiki 2 kupungua.

Kwa mkazi wa Uganda, hii ndiyo maana yake:

Anayetumia ARV asiguse hiperikamu. Kidonge cha ARV kiitwacho TLD kina dolutegraviri, ambayo hushushwa na mmea huu, na dawa ikishuka virusi hupata nafasi ya kuwa sugu.

Mwanamke mwenye kipandikizi au anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba asiyoitarajia. Vidonge vya dharura navyo hudhoofika. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriwi kwa namna hiyo.

Dawa mseto ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini ambayo wengi wanaiita Coartem, haitakiwi kutumiwa pamoja na hiperikamu. Hapa ndipo pagumu. Malaria haipigi hodi. Mtu anayemeza hiperikamu Jinja au Lira anaweza kuugua wiki ijayo, na kuacha dondoo siku ya homa hakusaidii, kwa kuwa ini limeshaamka. Lazima amweleze mhudumu wa afya kabla ya kupewa dawa, na arudi kupimwa siku ya tatu hata kama homa imeshuka.

Dawa nyingine za kuogopa: wafarini, digoksini, siklosporini, dawa za kifafa, na dawa nyingi za saratani. Halafu kuna kundi la hatari ya aina nyingine. Fluoksetini, amitriptilini, tramadoli na baadhi ya dawa za kikohozi zenye dekstromethofani zikikutana na hiperikamu, serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, inaweza kuzidi. Dalili ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuharisha, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya kwenda hospitali usiku uleule.

Hatua ya 3: Chagua dondoo moja

Ukiisoma hatua ya pili kwa utulivu, utaona kwa nini tunasema hivi bila kusita: kwa watu wengi wanaoishi Uganda, hiperikamu isiwe chaguo la kwanza, ingawa ndiyo yenye ushahidi mwingi. Imfae mtu asiye na dawa yoyote kwenye karatasi yake, anayeishi mahali malaria ni nadra kama sehemu za juu za Kabale au Kisoro, na mwenye mhudumu wa afya anayejua kwamba anaitumia.

Chaguo la kwanza kwa wengine ni zafarani, kiungo cha jikoni cha nyuzi nyekundu. Majaribio kadhaa, mengi yao ya Iran, yalitumia miligramu 30 za dondoo kwa siku kwa wiki 6 hadi 8, na matokeo yakakaribia yale ya imipramini na fluoksetini, dawa za hospitali za sonona, kwa sonona nyepesi hadi ya wastani. Majaribio hayo ni madogo kuliko yale ya hiperikamu, lakini zafarani haijulikani kuliamsha ini kwa namna ileile. Asiitumie kwa kipimo cha dawa mjamzito, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda bila ruhusa ya daktari. Anayetumia ARV au dawa za sonona aionyeshe kliniki kwanza.

Manjano yana kurkumini, ambayo imeonyesha faida ndogo katika majaribio ya miligramu 500 hadi 1,000 za dondoo kwa siku. Unga wa jikoni una kurkumini asilimia 3 hivi, maana yake kufikia miligramu 500 ungehitaji gramu 16 au zaidi, na sehemu kubwa isingefyonzwa. Tia manjano kwenye mchuzi kwa ladha. Kapsuli zake zenye pilipili manga iliyokolezwa zimewahi kuhusishwa na madhara ya ini, na mwenye mawe kwenye nyongo aziache kabisa.

Mulondo, mzizi wa *Mondia whitei* unaouzwa kwa mafungu mitaani Kampala, una heshima yake ya zamani kwa hamu ya kula na nguvu. Kuhusu sonona, kilichopo ni kazi ya maabara tu, haijathibitishwa kwa wagonjwa. Kuutafuna si vibaya. Kuutegemea ni kupoteza wiki. Ashwagandha na kava tunaziacha nje kwa sababu zote mbili zina taarifa za kudhuru ini. Mafuta ya lavenda ya chupa ndogo za manukato yasimezwe: yaliyofanyiwa utafiti ni kapsuli maalumu za miligramu 80, na utafiti wake ulihusu zaidi wasiwasi.

Onyo kwa wanaoishi karibu na Elgon na Rwenzori. Milimani huko humea *Hypericum revolutum*, kichaka kirefu chenye maua makubwa ya manjano, jamaa wa hiperikamu ya dawa. Ni spishi nyingine, na vipimo vya Ulaya haviihusu. Usichume ukadhani umepata ya bure.

Chagua moja tu. Ukianza mbili kwa pamoja na upele ukatokea, hutajua umlaumu nani.

Hatua ya 4: Nunua kwa kusoma lebo

Lebo nzuri ina jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, uwiano wa dondoo, kiyeyusho, kiasi cha kiambato kilichopimwa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Uwiano wa 4:1 unamaanisha kilo 4 za mmea mkavu zimetoa kilo 1 ya dondoo. Kwa hiyo kapsuli ya miligramu 300 za *dondoo* na kapsuli ya miligramu 300 za *unga wa majani* ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa chupa zinafanana na bei hukaribiana. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mtu humeza unga wiki 6, haoni kitu, kisha husema mitishamba ni uongo.

Kwa hiperikamu, tafuta dondoo iliyosanifiwa, yaani yenye kiasi kilichopimwa cha kiambato: hapa ni haiperisini, kiambato kingine cha mmea huu, asilimia 0.3. Chai yake haitoshi, kwa kuwa haiperforini haiyeyuki vizuri kwenye maji.

Uliza kama bidhaa inatambuliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Famasia iliyosajiliwa inapaswa kukuonyesha. Usinunue dawa ya sonona ndani ya basi au kwenye kituo cha teksi. Na kumbuka kanuni hii: dondoo ya kweli ya sonona huchukua wiki kadhaa. Unga unaokulaza fofofo usiku wa kwanza, au unaokufanya ujisikie mwepesi baada ya saa moja, kuna uwezekano umetiwa dawa ya hospitali kwa siri. Acha, hifadhi kilichobaki, kipeleke kwa mfamasia.

Zafarani hughushiwa kuliko karibu kiungo chochote. Nunua nyuzi nzima, kamwe usinunue unga. Tia nyuzi 3 kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole, dakika 10 hadi 15, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya bandia humwaga wekundu papo hapo na uzi hugeuka mweupe. Harufu yake ni kama asali na nyasi kavu, lakini ulimini ina uchungu kidogo. Ikiwa tamu, imetiwa kitu.

Usijitengenezee dondoo kwa waragi ya mtaani. Mwaka 2010 waragi yenye methanoli iliua makumi ya watu Kabale, na hakuna namna ya kuijua methanoli kwa ulimi. Hata pombe safi haifai: mgonjwa wa sonona hapaswi kupewa pombe kila siku kwa jina la dawa.

Hatua ya 5: Tumia kwa kipimo

*Zafarani.* Kapsuli ya dondoo ya miligramu 15, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, baada ya chakula. Ukikosa kapsuli, tumia nyuzi, ukijua kwamba kipimo kitakuwa cha kukadiria. Uzi mmoja mkavu una uzito wa miligramu 2 hivi, kwa hiyo miligramu 30 ni nyuzi 13 hadi 15. Mizani ndogo ya sonara hukosea sana kwenye uzito huo. Pima gramu 0.30 kwa pamoja, kisha gawa mafungu 10 yanayolingana. Saga fungu moja kwa chembe chache za sukari, mwagia mililita 150 za maji moto yasiyochemka, funika dakika 20, kunywa pamoja na nyuzi zake. Gramu 1 hutosha mwezi mmoja na siku chache. Usiongeze kwa kudhani zaidi ni bora: zafarani huanza kuwa hatari ikivuka gramu 1.5 kwa siku, na gramu 5 ni sumu.

*Hiperikamu*, kwa yule tu aliyepita hatua ya pili bila kikwazo. Kipimo cha kawaida ni miligramu 300 za dondoo iliyosanifiwa, mara tatu kwa siku pamoja na chakula, jumla 900. Anza na kidonge kimoja cha asubuhi kwa siku 3, kisha viwili kwa siku 3, kisha vitatu. Kikikunyima usingizi, kile cha mwisho kimeze alasiri, kisivuke saa kumi. Tumbo likisumbua, meza katikati ya mlo, si kabla. Ngozi inaweza kuungua kwa jua kwa urahisi zaidi; vaa mikono mirefu na kofia, na mtu mwenye ualbino asiitumie.

Chupa ikae ndani ya kabati lenye giza, imefungwa sana. Nyumba ya mabati mchana huwa jiko. Usiiweke juu ya kabati karibu na dari, wala bafuni. Mwanga na hewa huiharibu haiperforini hata kabla ya tarehe iliyo kwenye lebo.

Jioni, chai ya mujaaja au mchaichai, konzi ndogo ya majani mabichi kwa mililita 250 za maji moto, imefunikwa dakika 10, ni nzuri badala ya kahawa. Haitibu sonona. Inasaidia kutenga saa ya kupumzika na kulala.

Hatua ya 6: Fuatilia, na usiende peke yako

Rudia maswali tisa kila baada ya wiki 2, siku ileile ya wiki, na uandike alama. Wiki ya pili usitarajie makubwa. Wiki ya nne usingizi na hamu vinapaswa kuwa vimeanza kurudi. Ikifika wiki ya sita alama hazijashuka, usiongeze kipimo na usibadilishe mmea. Nenda kliniki na karatasi zako. Alama zikipanda wakati wowote, nenda mara moja. Mafanikio ni kushuka chini ya 5 na kubaki hapo.

Wakati huohuo tafuta mazungumzo ya tiba. Uganda ina historia ya kujivunia hapa: tiba ya vikundi ya mahusiano ilijaribiwa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, vikao vya dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, ikaongozwa na wenyeji waliofunzwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yakaonyesha sonona kupungua sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupata. Leo shirika la StrongMinds na wengine wanaendesha vikundi vya namna hiyo. Uliza kituo chako cha afya au mhudumu wa afya wa kijiji kilipo kikundi cha karibu. Kama nguvu na nauli vinatosha kitu kimoja tu, kikundi kitangulie, dondoo ifuate.

Acha dondoo mara moja ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi, upele unaoenea, damu puani au kwenye fizi, au furaha ya ghafla isiyolala. Ukienda popote kutibiwa, hata kwa jino, taja dondoo kwa jina. Wengi hunyamaza wakiogopa kugombezwa na muuguzi. Sema tu: "Dada, natumia dondoo hii," na umwonyeshe chupa.

Hatua ya 7: Kuacha

Alama zikikaa chini ya 5, endelea hadi wiki ya nane, kisha zungumza na mhudumu wako kuhusu kuacha. Zafarani punguza hadi miligramu 15 kwa wiki 1, kisha acha. Hiperikamu punguza kidonge kimoja cha siku kila baada ya siku 5 hadi 7. Ukiiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na hasira za karibu. Baada ya kidonge cha mwisho cha hiperikamu, subiri wiki 2 kabla ya kuanza dawa nyingine ya sonona, na mwanamke aliyebadili njia ya uzazi wa mpango kwa ajili yake asirudie vidonge au kutegemea kipandikizi kabla ya wiki 4 kupita. Rudia maswali tisa mwezi mmoja na miezi mitatu baada ya kuacha.